Vichwa Vinavyolia Julai: Kisa cha Makumbusho ya Mtu Mmoja Wilayani Bahi

Mtoto wa pili wa marehemu alinipigia simu mwishoni mwa Novemba, majira ambayo Dodoma nzima hutazama juu ikingoja mvua. Alinieleza kwamba baba yao ameacha vitu, kwamba familia ingependa kuvifanyia makumbusho, na kwamba tayari wamechorewa ramani ya jengo. Nikamwuliza vitu vyenyewe ni vitu gani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ni vichwa, mwalimu. Vichwa vya udongo. Vinalia."

Kisa hiki nakieleza kirefu kwa sababu makosa yake kadhaa niliyafanya mimi mwenyewe, nikiwa na nia njema na uzoefu wa miaka mingi wa kutunza vitu vya kale. Tangu hapo familia nyingine mbili za kanda ya kati zimeniuliza jambo linalofanana na hili. Jina la kijiji na majina ya wenyewe nimeyaacha, ndivyo mjane alivyotaka.

Nilichokikuta

Boma liko kaskazini ya reli ya kati, pale ardhi inapoanza kushuka kuelekea kwenye majaruba ya mpunga. Nyumba ni tembe halisi: kuta za miti iliyokandikwa, paa bapa la boriti, fito na udongo, na ua katikati. Tembe za namna hii zimebaki chache. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, wengi walianza maisha upya kwa nyumba za aina nyingine, na baadaye bati likaja kumaliza kazi. Hata kama mzee asingefinyanga chochote, nyumba yake peke yake ingestahili mgeni kusimama na kuitazama.

Alifinyanga, na alifinyanga kwa zaidi ya miaka 30. Ukingoni mwa paa, upande wa kusini-mashariki, alipanga vichwa vya watu, kila kimoja kikiwa chungu kilichochomwa, chenye macho yaliyofumba na mdomo mwembamba uliofunguka utosini. Uani kulikuwa na miili mingine mirefu, imesimama kama watu wanaosubiri treni. Ndani ilishikwa na springi za lori na vipande vya waya, nje imekandikwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na jivu na mavi ya ng'ombe. Nayo ilikuwa na vichwa vya kuchomwa. Vyote kwa pamoja vilikuwa 43.

Kulia kwenyewe hakuna muujiza. Mtoto akipuliza hewa juu ya mdomo wa chupa ya soda, hewa iliyomo ndani hutikisika na kutoa mlio. Chungu chenye tumbo kubwa hutoa mlio mzito, na chenye tumbo dogo hutoa mlio mwembamba. Ukiubana mdomo wa chungu, mlio unashuka. Dodoma hupata upepo wa kusini-mashariki mkavu na wa nguvu kati ya Juni na Septemba, na mzee alivielekeza vichwa vyake vyote huko. Usiku wa Julai, niliambiwa, unavisikia kabla hujaliona boma.

Hapo ndipo penye tatizo la kwanza la kisa hiki. Katika sehemu hizi ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Mwanamume kukaa chini kufinyanga ni jambo la kuzungumzwa kisimani, na mwanamume kufinyanga vichwa vinavyolia juu ya paa usiku ni jambo zito zaidi ya mazungumzo. Mzee aliwahi kuitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji kwa sababu majirani waliogopa. Aliyenihadithia hayo hakucheka, nami sikucheka. Mkoa huu na jirani zake watu wameumizwa kwa tuhuma ndogo kuliko hiyo.

Kwa hiyo nilipofika, familia ilikuwa imegawanyika. Mtoto wa kwanza, mzee wa kanisa, alitaka vichwa vivunjwe kimyakimya na jina la baba lipumzike. Wa pili alitaka jengo la matofali kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida, vichwa viwekwe ndani ya makabati ya vioo. Kitinda mimba alikuwa ameshapata mnunuzi aliyekuwa tayari kuvichukua vyote kwa mkupuo. Kulikuwa na mtu wa vyuma chakavu pia, aliyezipigia hesabu springi za miili kwa kilo. Mjane, ambaye nilimwamkia shikamoo naye akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, hakusema neno siku hiyo.

Nilichokifanya kwanza, na kwa nini kilikuwa kibaya

Nilianza na sheria, kama nilivyozoea. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja vitu na majengo ya zamani zaidi, yaliyotengenezwa muda mrefu kabla ya mzee kushika udongo. Mzee alianza miaka ya 1980. Waziri anaweza kulitangaza eneo kuwa la kulindwa, lakini kutangazwa ni safari ndefu yenye ofisi nyingi, na mvua ilikuwa mlangoni. Nikaandika barua. Nikapima boma. Nikatengeneza orodha nzuri yenye namba, vipimo na picha ya kila kichwa, mbele na nyuma.

Orodha hiyo ndiyo inayoniuma. Kabla sijafika, mtoto wa pili alikuwa ameshusha vichwa 14 kutoka paani na kuvifungia stoo ili visiibiwe. Mimi nikavikuta stoo, nikavipa namba hukohuko stoo, kuanzia karibu na mlango. Sikuuliza kila kimoja kilikaa wapi juu. Paani palikuwa na alama za duara kwenye udongo, kila kichwa kimeacha kovu la kitako chake, moja pana, jingine jembamba. Niliziona. Nilizipiga picha moja ya jumla tu, kwa pembeni, kwa sababu nilidhani paa ni mahali pa kuwekea na kichwa ndicho kazi yenyewe. Wiki mbili baadaye mvua ilinyesha kwa siku tatu na zile duara zikafutika.

Kosa la pili lilikuwa la saruji. Familia iliniuliza kama miili ya uani isitiriwe kabla ya masika kukolea. Nilijibu kwamba ndiyo, isitiriwe, kisha nikarudi mjini. Sikusema kwa nini. Waliita fundi mwashi, kijana mwadilifu wa kijiji jirani, naye akafanya alichofundishwa: akaipiga lipu ya saruji miili tisa, akailainisha vizuri. Ilipendeza. Nafikiri kila anayeshughulika na nyumba za udongo nchi hii anapaswa kuelewa kilichotokea baada ya hapo, kwa hiyo nitakieleza.

Udongo huvuta maji na kuyaachia. Ukuta wa udongo ukilowa, jua la Januari linaukausha kwa sababu unapumua kila upande. Saruji ni ngumu na haipumui hivyo. Maji huingia kwa nyufa ndogo au hupanda kutoka chini, yakifika nyuma ya lipu hayapati pa kutokea, na udongo uliomo ndani unageuka uji. Juu ya hayo, udongo hutanuka na kusinyaa kwa kiasi ambacho saruji haiwezi kukifuata. Kufikia Aprili, lipu ya miili sita ilikuwa imebanduka kwa mapande, na kila pande liliondoka na nyama ya udongo iliyoshikamana nalo. Ndani tukaona springi zenye kutu. Miili ambayo haikuguswa na saruji ilikuwa imechakaa, imepoteza pua na mabega, lakini imesimama.

Kosa la tatu tulilifanya pamoja. Mwezi wa Mei tulipeleka vichwa sita kwenye maonyesho mjini ili kutafuta wafadhili, katika ukumbi mzuri wenye viyoyozi. Kichwa kimoja kilivunjika njiani, kingine wakati wa kupanga meza. Vinne vilivyobaki vilikaa juu ya kitambaa cheupe kwa siku tatu. Watu walipita, wakatazama, wakauliza bei. Hakuna aliyeuliza vinalia vipi, kwa sababu havikulia, na maelezo niliyoyabandika ukutani hayakuwa na nguvu ya kuvifanya vilie. Siku ya tatu mtoto wa pili alikaa karibu na meza akasema, "Mwalimu, hivi hapa ni vyungu." Nilikosa la kumjibu.

Mama Mdogo

Tulivirudisha kijijini mwishoni mwa Juni. Siku hiyo alikuwepo mama mmoja ambaye nilikuwa nimemwona mara nyingi bila kumtazama: mdogo wa yule mjane, anayekaa ng'ambo ya korongo. Watoto wa marehemu humwita Mama Mdogo, na mimi nikafuata hivyo. Alikichukua kichwa kimoja kutoka mikononi mwangu, akakigeuza kichwa chini miguu juu, akapitisha kidole gumba kwenye kitako. Akasema, "Hiki nilikichoma mimi mwaka wa njaa."

Nikakaa chini. Ilichukua siku tatu kumsikiliza, na sehemu kubwa ya ninachokijua sasa kilitoka hapo.

Mfinyanzi alikuwa yeye. Mzee, shemeji yake, alimwomba amfundishe, naye akakubali kwa sharti kwamba wafanyie ng'ambo ya korongo, wasionekane. Mzee alifinyanga nyuso. Yeye alijenga matumbo, kwa sababu tumbo jembamba kupita kiasi hupasuka motoni. Udongo aliuchimba mahali pamoja kwenye ukingo wa korongo na kuuchanganya na vigae vya vyungu vya zamani vilivyotwangwa. Vigae vile vimekwisha kupita motoni, kwa hiyo havisinyai tena, na udongo mbichi hupata kitu cha kushikilia. Kuchoma kulikuwa kwake pia. Kila Julai mzee alipanda paani na unyasi mgumu kusafisha midomo ya vichwa, maana manyigu hujenga viota vyao vya tope humo na kuvinyamazisha. Na kila Oktoba, kabla ya mvua, watu wawili hao waliikandika upya miili ya uani. Pua mpya, mabega mapya. Miili niliyokuwa nikihangaika kuihifadhi kama ilivyokuwa haikuwahi kukaa kama ilivyokuwa kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Nilimwuliza mpangilio wa paani. Nilikuwa nimegundua kwamba vichwa havikufuata mlio, mzito hadi mwembamba. Kulikuwa na makundi, kisha nafasi tupu, kisha kundi jingine. Nilidhani mzee alipanga ovyo au alikatizwa na kifo.

Mama Mdogo akanyoosha mkono kuelekea relini. Mzee, kabla ya kurudi nyumbani, alikuwa mtu wa genge. Kazi yake ilikuwa kutembea kwa miguu kukagua njia ya reli, kugonga misumari, kukaza boliti, mara nyingi peke yake kutwa nzima. Kando ya reli zilipita nguzo na nyaya za simu, na nyaya hizo upepo ukizipiga huvuma. Kila kipande cha njia kina uvumi wake, kwa sababu nyaya hazikukazwa sawa. Alizoea kujua alipofika kwa kusikiliza. Aliporudi kukaa nyumbani, alimwambia shemeji yake, ukimya ulimchosha. Vichwa vikubwa vya paani vilikuwa stesheni: Kigwe, Bahi, Kintinku, Makutupora. Vidogo vilikuwa vipande vya njia kati yake. Zile nafasi tupu zilikuwa mahali ambapo nyaya hazikuvuma.

Mtoto wa kwanza alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Alikuwa amekuja kwa jambo jingine, la mirathi nadhani. Akasema polepole kwamba akiwa mdogo, baba yake alimchukua mara moja hadi relini, akamwinamisha, akamwekea sikio kwenye nguzo ya simu. Hakumweleza kwa nini. Tangu siku hiyo hajarudia tena neno la kuvunja, na mimi sikumwuliza.

Kuurudisha mpangilio

Alama za paani zilikuwa zimekwenda na mvua. Kilichotuokoa ni msiba wenyewe. Siku ya mazishi, kabla vichwa havijashushwa, wapwa wa marehemu walipiga picha za waombolezaji uani kwa simu zao, na nyuma ya vichwa vya watu walio hai kulikuwa na safu ya vile vya udongo. Tulizikusanya picha hizo kutoka simu tisa. Nyingi zilikuwa zimefifia kwa kutumwa na kutumwa tena, lakini ukiziweka pamoja unapata karibu urefu wote wa paa. Mama Mdogo alikaa na kijukuu aliyemkuzia picha kwa vidole, akavitaja kimoja baada ya kingine, na penye shaka aliinua kichwa chenyewe na kukipuliza kwa mdomo wake. Kati ya vile 14, tisa vilirudi mahali pake bila ubishi. Vitatu havijulikani, vimewekwa chini ya ukuta hadi leo. Viwili ni vile vilivyovunjika. Kama ningekuja na chaki mwezi wa Desemba na kuzungushia kila duara namba yake, vile vitatu visingekuwa chini ya ukuta.

Wengine walivyofanya

Nilipokuwa nikitafuta njia, visa viwili vya mbali vilinisaidia kuliko vitabu vya taratibu.

Cha kwanza ni cha Chandigarh nchini India, mji mkuu wa jimbo uliopangwa kwenye karatasi kabla ya kujengwa, kama Dodoma yetu iliyoamuliwa mwaka 1973. Nek Chand alikuwa mkaguzi wa barabara huko. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 alikusanya vifusi vya vijiji vilivyobomolewa kupisha mji mpya, bangili zilizovunjika na vigae vya vyombo, akavipeleka kwenye msitu ambako sheria ilikataza kujenga, na huko akatengeneza mamia ya watu na wanyama kwa siri. Serikali ilipogundua katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa na kila haki ya kubomoa. Badala yake bustani ilifunguliwa kwa umma mwaka 1976, naye akapewa mshahara na vibarua 50 wa kuendelea na kazi. Watu hukisimulia kisa hicho hadi hapo. Mimi nakichukua na sehemu ya pili: mwaka 1996, akiwa safarini nje ya nchi, msaada wa mji uliondolewa na sanamu zikaharibiwa na wahuni. Hadhi ilikuwapo, mageti yalikuwapo. Walioondoka ni watu.

Cha pili ni cha Nieu-Bethesda, kijiji cha nyanda kame za Karoo nchini Afrika Kusini. Helen Martins aliyefariki mwaka 1976 aliacha nyumba ambayo kuta zake za ndani zimepakwa chembe za vioo vilivyosagwa, na ua uliojaa bundi, ngamia na mahujaji wa saruji. Nyumba hiyo, iitwayo Owl House (Nyumba ya Bundi), huhusishwa na jina lake yeye. Lakini sanamu nyingi zilijengwa kwa mikono ya Koos Malgas, aliyefanya naye kazi kwa takriban miaka 12. Nyumba ilipokuwa inaharibika, aliyeitwa kurudi mwaka 1991 kuzitengeneza alikuwa Malgas huyohuyo, na makumbusho yakafunguliwa mwaka uliofuata. Nilipokisoma kisa hicho tena baada ya siku tatu za Mama Mdogo, niliona aibu, kwa sababu nilikuwa nimekisoma zamani na sikukikumbuka nilipokuwa nikipima vitako stoo.

Karibu na nyumbani kuna Kolo, wilayani Kondoa. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na moja ya sababu ni kwamba wazee bado hufanya matambiko ya mvua na uponyaji kwenye baadhi ya mapango hayo. Kutumika kwa mahali kunaleta usumbufu kwa mhifadhi, nimeuona mwenyewe. Lakini pango lisilotembelewa na wenyewe hubaki na mlinzi mmoja na daftari la wageni.

Tulivyoamua

Jengo la barabarani limeachwa. Mtoto wa pili aliumia, maana ramani aliilipia, lakini baada ya ukumbi wa mjini hakuhitaji kushawishiwa sana. Makumbusho ni boma lenyewe. Vichwa havishuki paani isipokuwa kwa matengenezo, na kila kinaposhuka kinaandikwa na kuchorewa duara. Wanaotaka kuvisikia waje kati ya Juni na Septemba, na miezi mingine waambiwe ukweli kwamba watakuta kimya.

Miili ya uani inakandikwa upya kila Oktoba, kwa udongo, jivu na samadi. Saruji imepigwa marufuku bomani, hata kwenye kizingiti. Kabla ya kukandika, kila mwili unapigwa picha, na baada ya kukandika pia, ili kila mwaka ubaki na ushahidi wake. Wenzangu wawili wa kazi ya zamani walinipinga kwa nguvu kwenye hili. Walisema pua aliyoifinyanga mzee ndiyo ya thamani na pua ya Oktoba ijayo ni ya mtu mwingine. Hoja yao naielewa. Ila pua ya mzee ya mwisho ilikwenda na mvua ya kwanza baada ya kifo chake, kama zile 30 zilizoitangulia, na yeye alijua itakwenda. Paa la tembe nalo ni hivyo: usipoongeza udongo na kubadilisha fito zilizoliwa na mchwa, una rundo la udongo badala ya nyumba ndani ya misimu michache.

Ardhi ilikuwa rahisi kuliko nilivyohofia. Ni ardhi ya kijiji, kwa hiyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ndiyo inayohusika, na boma limeombewa hati ya hakimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji uliridhia baada ya maswali mengi kuhusu usiku na kelele. Mtu wa vyuma chakavu alikuwepo mkutanoni, naye alinyoosha mkono kukubali.

Mirathi ilichukua muda zaidi. Watoto walikubaliana mbele ya kikao cha ukoo kwamba vichwa visigawanywe, kisha msimamizi wa mirathi akalipeleka hilo Mahakama ya Mwanzo. Sasa wanaandaa bodi ya wadhamini ya kusajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ili vitu visiwe mali ya mtoto yeyote mmoja na visiuzwe siku mmoja akikwama ada ya shule. Kitinda mimba ndiye aliyependekeza kifungu cha kukataza kuuza. Sikutegemea itoke kwake.

Hakimiliki ndiyo iliyotukalisha hadi saa za kuwasha taa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki katika maisha yake na miaka 50 baada ya kifo, na warithi huzichukua. Familia ilikwisha kuandika jina la baba kwenye karatasi zote. Nikauliza: kama tumbo la chungu lilijengwa na mtu mmoja na uso ukafinyangwa na mwingine, na mlio unatoka tumboni, mtunzi ni nani? Walinyamaza. Mjane, aliyekuwa amekaa mkekani akichambua mlenda, akasema bila kuinua uso: "Walikuwa wawili. Mimi ndiye niliyekuwa nawapelekea chakula." Ikaandikwa kazi ya watu wawili.

Fedha bado ni jambo gumu. Kiingilio hakitalisha boma. Nimewahi kukaa Kolo kutwa nzima bila kuona gari la mgeni. Wadhamini wamepanga kutenga sehemu ndogo ya shamba la mpunga kwa ajili ya fito na mafundi wa paa, na wajukuu wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wanajifunza kuchoma kwa Mama Mdogo. Wa kiume anafanyia kazi mbele ya watu, hajifichi ng'ambo ya korongo.

Hali ilivyo sasa

Julai iliyopita nilikwenda tena. Nilishuka kwenye pikipiki mbali kidogo na boma nikaenda kwa miguu, na nilivisikia kabla sijauona mbuyu wa njiani: kwanza Bahi, mzito, kisha vidogo vyake. Kundi la Kintinku lina pengo lisilo la mzee. Ni mahali pa vile viwili vilivyovunjika, na sikio la mgeni haliwezi kulitofautisha na pengo la kweli.

Mama Mdogo ameshajenga vingine viwili na kuvichoma. Nyuso hakuzifinyanga, ameziacha laini, bila macho. Wadhamini wanataka vipandishwe mwaka huu ili safu ijae. Mtoto wa pili ana wasiwasi kwamba wageni watauliza kwa nini viwili havina sura. Mama Mdogo ameviweka chini ya kitanda chake, vimefungwa kanga, na anasema havipandi paani hadi fundi wa kibao amalize kuandika majina yote mawili, lake likiwa la pili, na herufi ziwe za ukubwa mmoja. Nimepewa kazi ya kumfuatilia fundi.